Uzi: Jumamosi na Jumapili za majirani zangu Wahindi hapa Edison, New Jersey

#1

Habari za muda huu wadau. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ndo naanza leo. Naona nyuzi za diaspora ni kazi, makaratasi, kutuma hela, kujenga nyumbani, sawa ni muhimu, ila sijawahi kuona mtu anauliza mwenzangu Jumamosi na Jumapili unazifanyia nini wewe na mume wako au mke wako. Sasa mimi hilo ndo limenikaa moyoni kwa sababu ya watu wawili wanaokaa mlango unaotazamana na wangu.

Mimi ni mama wa Tanga, nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Edison, mzee wangu anaendesha malori ya masafa. Miaka yetu mingi wikiendi ilikuwa ndo wakati wa ovataimu, mimi shifti mbili Jumamosi, yeye yupo Ohio huko au Indiana, tunakutana mlangoni mmoja anaingia mmoja anatoka, tunaulizana umekula basi. Hatukugombana, lakini pia hatukuongea, na ukikaa hivyo miaka sita unashtuka unaishi na mtu usiyemjua.

Katikati ya 2022 wakahamia hawa vijana, mtu na mkewe, Wahindi. Mume kwao Hyderabad, India ya kusini, mke kwao Vadodara kule Gujarat. Kwa tusiojua tunaona Wahindi wote ni wamoja tu, lakini mwanaume kwao Kitelugu na mwanamke kwao Kigujarati na lugha hizo hazisikilizani hata kidogo, yaani ndani wanaongea Kihindi na Kiingereza. Mume anakula nyama, biriani ya Hyderabad bila mbuzi kwake haijaitwa biriani, mke hagusi hata yai. Walipendana chuoni, wazazi wa pande zote mbili walikuja kukubali baadaye sana. Mimi wananiita didi, yaani dada mkubwa, na mimi mwanaume namwita shemeji na mke namwita mdogo wangu, imekaa hivyo mpaka leo.

Shemeji ni mtu wa kompyuta, yupo kwenye viza ya H-1B, ile ya kazi ya wataalamu, kama Wahindi wengi wa fani hiyo. Mke akaja kwa viza ya mwenza, H-4. Hapa ndo pa kuelewa wadau, maana bila hili hamtaelewa kwa nini naandika kuhusu matembezi. Mwenye H-4 anaruhusiwa kukaa, anaruhusiwa kusoma, lakini kufanya kazi hapana. Tangu 2015 kuna kibali wanaweza kuomba, ila mpaka mume awe amefika hatua fulani kwenye safari ya grini kadi, yaani kibali cha kukaa moja kwa moja, na hiyo hatua inategemea mwajiri. Mdogo wangu huyu kwao alikuwa mhasibu wa benki, ana mshahara wake, ana pikipiki yake ya kwenda nayo kazini. Amefika hapa hana kazi, hana leseni ya gari, na New Jersey bila gari ni kama umefungiwa, mume anaondoka saa moja asubuhi anarudi saa moja usiku. Nilikuwa nikitoka shifti ya usiku namuona dirishani amekaa na kikombe cha chai anaangalia paking. Naenda kulala, naamka saa nane mchana, yupo palepale.

Kwa hiyo kwake yeye Jumamosi siyo starehe. Jumamosi ndo siku ya kuwa mtu.

Na mwanzoni hata hiyo hakuipata, kwa sababu shemeji alikuwa na kriketi. Vijana wa Kihindi na Kipakistani hapa kuanzia Mei mpaka Septemba wanacheza kriketi kwenye bustani za mji, wanatoka alfajiri kuwahi uwanja, mechi inaisha saa sita au saa saba mchana, halafu stori, halafu anarudi kachoka analala. Jumamosi moja nikasikia mlango umebamizwa, mara nikagongewa kwangu, nafungua nakuta mdogo wangu ameshika bakuli la dengu bado lina moto, machozi yanamtoka, ananiambia didi nimepika vya watu wawili. Nilimkaribisha ndani tukala, sikumuuliza kitu. Jioni mume akaja kumfuata, wakakaa sebuleni kwangu mpaka saa nne usiku, na makubaliano yakawekwa mezani kwangu nikiwa shahidi: kriketi Jumapili asubuhi tu, Jumamosi nzima ni ya wawili kutoka, mvua inyeshe jua liwake. Tangu siku hiyo hawajavunja zaidi ya mara tatu au nne. Nimehesabu.

Nitaendelea, naenda kazini.

#2

Mama wa Tanga hongera kwa uandishi ila mimi nimeishi na Wahindi Dar miaka kibao, wale watu ni wagumu kutoa hela, watatoka kwenda wapi? Labda hekaluni na dukani kwa ndugu yao.

#3

Mkuu #2 umesema hekaluni na dukani kama vile ni kitu kidogo, ngoja nikueleze.

Hapa kwetu kuna barabara inaitwa Oak Tree Road, inapita Edison na Iselin, ukishuka pale Jumamosi jioni utasema umefika Kisutu. Maduka ya sari, masonara wa dhahabu, duka la tambuu, saluni za kutoa nyusi kwa uzi, mikate ya kila aina, watoto wanalia, wazee wamekaa na chai. Kupata paking ni dakika ishirini za kuzunguka. Wanandoa wangu hawa Jumamosi mbili kwa mwezi wanaanzia pale. Mke anatoa nyusi, mume anamsubiri nje na simu, halafu wanasimama kwenye kile chakula wanakiita pani puri, ni vimikate vidogo vimevimba vyembamba vinatobolewa juu, vinajazwa viazi na dengu, vinachovywa maji ya ukwaju na nanaa yenye pilipili, na unakitia mdomoni chote kwa mpigo mmoja maana ukikiuma nusu kinakumwagikia. Yule muuzaji anakupa kimoja kimoja, umemaliza anakupa kingine. Mke anaweza kula kumi na mbili. Mume anahesabu na kumcheka, na hapo ndo nimewaona wana raha kuliko hata siku nyingine wanazosafiri mbali.

Halafu Patel Brothers. Hilo duka lilianza Chicago mtaa wa Devon mwaka 1974, duka la ndugu, leo wana matawi karibu kila mji wenye Wahindi wengi. Mimi mara ya kwanza kupelekwa na hawa nilibaki nimeduwaa kwenye majokofu, naona bamia ndogondogo kama za kwetu, mbaazi mbichi, nazi iliyokunwa, na muhogo wa kugandishwa. Nikiwa nimeshika pakiti ya muhogo mzee mmoja wa Kihindi na mkongojo wake akasimama karibu yangu, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, wewe unatoka Tanganyika?" Nilitaka kulia. Alizaliwa Jinja, Uganda, familia yake iliondoka 1972 Amin alipowapa Waasia siku tisini, wakapitia Uingereza ndo wakaja huku. Akaniambia kwao nyumbani mpaka leo muhogo wanauita mogo, wajukuu zake waliozaliwa Amerika wanadhani ni neno la Kigujarati. Mdogo wangu naye akashangaa, kumbe yeye wa Vadodara alikuwa halijui, akawa anauliza mogo ni nini, mzee akamwelekeza kwa Kigujarati na mimi kwa Kiingereza, tumesimama hapo mbele ya jokofu nusu saa. Sasa hiyo ni dukani tu mkuu.

Hekaluni. Kwa kuwa mke ni wa Gujarat na mume wa kusini, hekalu haliwi moja. Jumamosi ya mume wanaenda Bridgewater, hekalu la Venkateswara, na mimi nawafuata kwa ajili ya kantini yao, kuna wali wa ukwaju na karanga, Watelugu wanauita pulihora, utadhani umepikwa na mtu wa pwani. Jumamosi ya mke wanaenda Robbinsville, ni kama dakika arobaini kusini, kule kuna Akshardham, hekalu kubwa la BAPS, dhehebu la Kihindu lenye asili ya Gujarat, lililofunguliwa Oktoba 2023. Wadau niliwahi kuona picha nikasema ni kompyuta. Urefu futi 191, marumaru kutoka Italia, mawe ya chokaa kutoka Bulgaria, yakapelekwa India kuchongwa kwa mkono ndo yakaletwa huku kupangwa. Nje kuna kisima cha ngazi chenye maji yaliyokusanywa sehemu zaidi ya mia tatu, mito mitakatifu ya India na maji kutoka majimbo yote hamsini ya Marekani. Kuingia hulipi, unavaa nguo za heshima, unavua viatu. Mimi ni Mwislamu, nilienda kama mgeni, nilikaa nje kwenye kivuli nikiwasubiri na hakuna aliyenisumbua, watu wananikaribisha maji na chakula, na chakula chao hakina nyama wala kitunguu wala kitunguu saumu na bado kina ladha, hilo bado nalifanyia utafiti jikoni kwangu.

Shemeji kule Robbinsville anakaa tu, siyo madhehebu yake. Lakini anaenda. Na mke Bridgewater haelewi hata neno moja la Kitelugu. Na anaenda.

#4

Mama wa Tanga mimi nimekulia Upanga, #2 asikudanganye. Wahindi wa Dar Jumapili jioni walikuwa hawakosekani baharini, Ocean Road mpaka Coco Beach, familia nzima kwenye gari moja, bibi kakaa mbele, wanakula mihogo ya kukaanga na pilipili na kachumbari, upepo unawapiga, wanarudi. Sisi watoto tulikuwa tunawaona kila wiki. Hiyo tabia ya kutoka wanayo siku nyingi.

#5

Mimi niko Minnesota, Mkenya. Hii story imenigusa sana. Huku kwetu wikendi ni dabo shifti tu, ukiuliza mtu ameenda wapi ni kanisa halafu kazi. Nikiwa Nairobi tulikuwa tunapenda kuenda Diamond Plaza Parklands, Wahindi wako na mabibi zao na watoto, wanakula bhajia na kunywa juisi ya miwa hadi usiku. Serikali yetu 2017 ikawatambua kama kabila la 44, kwa hivyo ni wenyeji wetu. Endelea mama, tuambie kama wanasafiri mbali pia.

#6

Wanasafiri mwanangu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo sababu nimeanzisha uzi.

Wikiendi ndefu ya mwisho wa Mei, ile yenye Jumatatu ya mapumziko, walipanga Niagara. Wahindi wa hapa Niagara ni kama ibada, ukiwa na wageni kutoka India lazima uwapeleke, lakini hawa walikuwa bado. Wakatuambia didi njooni na shemeji mkubwa, tukodi gari la viti saba na wenzetu wengine wawili, gharama tunagawana. Mzee wangu alikataa, akasema mimi naendesha wiki nzima halafu wikiendi tena nikae barabarani? Nikamwambia safari hii hutaendesha, utakaa nyuma na mimi. Akanyamaza, kesho yake akaomba ruhusa kazini. Miaka tisa ya ndoa yetu huku ilikuwa ndo safari yetu ya kwanza isiyo ya msiba wala ya makaratasi.

Tumeondoka saa tisa usiku. Mdogo wangu alikuwa hajalala, amepika thepla, chapati nyembamba za majani ya uwatu na manjano, zinakaa siku tatu nne bila kuharibika, zimefungwa kwenye foili kumi kumi, achari ya maembe pembeni, chupa mbili za chai, na wali wa ukwaju wa mume. Nilishaona Wahindi wanabeba chakula nikafikiri ni ubanaji wa hela kama alivyosema #2. Siyo. Mtu asiyekula nyama wala yai ukiwa katikati ya New York huko juu, kituo cha mafuta kina nini cha kumpa? Viazi vya kukaanga na kahawa. Kwa hiyo unabeba. Na kile chakula kinagawiwa gari zima, yaani kila baada ya saa moja mkono unakuja nyuma, didi chukua, shemeji chukua. Mzee wangu alikula thepla tisa, yeye ambaye nyumbani namuwekea chakula anakula akiwa amesimama.

Masaa saba tu hivi ya barabarani tumefika. Upande wa Marekani ile ni bustani ya jimbo tangu 1885, ndo ya zamani kuliko zote nchini kwao. Unasikia maporomoko kabla hujayaona, kifua kinatetemeka. Sasa mdogo wangu tangu tushuke garini alikuwa hatulii, anaangalia simu, anaangalia ng'ambo. Ng'ambo ile ni Kanada, mto umepita katikati, majengo unayaona, watu unawaona wanatembea kama vidole. Kuna daraja, Rainbow, ukivuka kwa miguu ni dakika chache.

Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia dada yake yupo kule.

Dada yake wa kuzaliwa anasoma Brampton, saa moja na nusu kutoka hapo. Hawajaonana tangu harusi. Huyu hawezi kuvuka kwa sababu pasi ya India inahitaji viza ya Kanada, hana, na pia anaogopa kutoka nje viza yake ya hapa ikiwa inasubiri kugongwa upya. Yule naye hana viza ya Marekani, na foleni ya mahojiano ni ndefu. Kwa hiyo walikubaliana kila mtu aje upande wake wa mto.

Wadau, mashua za pale ziko za nchi mbili. Za upande wa Marekani wanakuvalisha koti la mvua la bluu, za Kanada jekundu, na zote zinaingia kwenye lile poromoko kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi. Dada mtu akakata tiketi ya mashua ya kule, sisi tukakata ya huku, wakawa wanaongea kwa simu, umepanda? nimepanda. Tukaingia. Maji yanakupiga usoni huoni kitu, kelele husikii hata anayekushika mkono. Halafu ukungu ukafunguka kidogo, mashua ya makoti mekundu inapita kule, watu kama mia kadhaa wote wamevaa sawa wote wanapunga. Mdogo wangu alikuwa anapunga mikono miwili anaita jina, na hakuna namna ya kujua ni yupi kati ya wale. Akawa anapunga tu. Mume amemshika kiunoni asiteleze, naye anapunga. Mzee wangu huyu nilonaye, mtu mgumu, nikamuona anapunga na yeye.

Tulipotoka walikaa kwenye majani ukingoni, simu ya video, mmoja huku mmoja kule, kila mmoja anaonyesha kofia yake ili mwenzake amtafute kwa macho. Wakaonana! Vidoa viwili vya rangi, basi. Walikaa hivyo mpaka jua limezama wakaanza kuwasha taa za rangi kwenye maji. Shemeji alikaa karibu, hakusema twende. Sisi wote hatukusema twende.

#7

Aisee #6 nimeisoma nipo kwenye daladala nimepitiliza kituo. Ila mama nieleweshe, kama maisha ya viza ndo hivyo kwa nini hawarudi kwao? Kazi za kompyuta si ziko India pia?

#8

Swali zuri na wao wenyewe wanaulizana kila mwezi.

H-1B ni miaka mitatu, unaongezewa inakuwa sita, ukiwa umeanza safari ya grini kadi na mwajiri wako unaweza kuendelea zaidi ya hapo. Lakini grini kadi za kazi zina kikomo cha asilimia saba kwa kila nchi, iwe India yenye watu zaidi ya bilioni moja au kisiwa kidogo, kiasi kile kile. Ndo maana Mhindi anasubiri zaidi ya miaka kumi, sisi wa Tanzania kwenye mstari huo huo hatusubiri hivyo. Na ukifukuzwa kazi una siku sitini za kupata mwajiri mwingine, ukishindwa unafungasha. Sasa mtu amesomea hapa kwa mkopo, baba yake kule kaweka shamba rehani, anarudi na nini?

Nikupe mfano wa wikiendi moja. Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025 jioni likatoka tangazo la rais kwamba H-1B italipiwa dola 100,000. Halikueleweka, wengine wanasema ni kwa wote, wengine ni kila mwaka, makampuni yakawa yanawaandikia wafanyakazi walio nje warudi kabla ya Jumapili. Jumamosi ile hawa walikuwa na mpango wa kwenda kuchuma matufaa shambani, huku kila vuli watu wanafanya hivyo, unanunua mfuko unachuma mwenyewe mpaka ujae. Hawakwenda. Nilipogonga mlango saa nne asubuhi nikawakuta wote wawili sakafuni, kila mtu na simu yake, chai imepoa. Kuna rafiki yao alikuwa kwao kwenye harusi ya mdogo wake, akakimbilia uwanja wa ndege akiwa na nguo za harusi. Jioni serikali ikafafanua kwamba ni kwa maombi mapya, wenye viza tayari haiwahusu. Nikasikia wanacheka kule ndani, kicheko cha mtu aliyechoka.

Jumapili shemeji akaacha kriketi. Walienda kuchuma matufaa. Wakaniletea mfuko mzima nikapika jemu na iliki.

#9

Mimi nipo Texas upande wa Dallas, huku Wahindi ni wengi balaa. Ile siku Marekani inaifunga Pakistan kwenye kombe la dunia la kriketi 2024 hapa Grand Prairie sikuwa najua hata kriketi ni nini, mtaa mzima ulitoka nje. Mrusha mpira wa mwisho alikuwa injinia wa Oracle!

#10

Ahsante #9, huyo ni Saurabh Netravalkar, mzaliwa wa Mumbai, na shemeji anamuongelea kama ndugu yake wa damu. Kwa sababu ni mtu kama wao, kazi ya kompyuta wiki nzima, mpira wikiendi. Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 9 Juni, ikawa India na Pakistan kule Nassau, Long Island, uwanja wa muda wa watu 34,000 uliojengwa kwenye bustani ya Eisenhower. Bei za tiketi hazishikiki, kwa hiyo waliangalia nyumbani, na mke ndo aliyesema waite wenzako wote. Watu kumi na saba kwenye sebule ya apatimenti, Wapakistani watatu ndani yake. India wakatolewa wote kwa alama 119 tu, watu kimya, shemeji kaenda kukaa jikoni. Mke ndo akamfuata akamwambia rudi haijaisha. Pakistan wakaishia 113. Zile kelele meneja wa jengo alikuja kugonga, akapewa sahani ya biriani akakaa.

Kuna mdada kaniandikia pembeni anauliza mbona nasema mke kapata raha na kumbe anamfuata mume tu kwenye mambo yake. Dada yangu, subiri Navratri. Ile ni mikesha tisa ya mungu wa kike na Vadodara ndo penyewe kwa ngoma ya garba, hata UNESCO wameiingiza kwenye orodha yao Desemba 2023. Hapa Amerika huwezi kukesha Jumanne ukaenda kazini Jumatano, kwa hiyo wanaikata vipande, inakuwa Ijumaa na Jumamosi wiki kadhaa mfululizo kwenye kumbi kubwa za Edison, maelfu ya watu wanazunguka kwa duara moja ndani ya jingine, sketi zina vioo vidogo vinavyometa. Mdogo wangu anaingia kwenye duara saa tatu usiku anatoka saa saba. Mume hajui kucheza, mtu wa Hyderabad, hatua zinampotea, lakini yupo ndani ya duara kila mwaka na kurta, ile kanzu fupi ya Kihindi, ya bluu aliyoshonewa na mama mkwe. Mwaka wa kwanza nilimuona mke anamsukuma bega kushoto, kulia, kushoto. Mwaka jana alikuwa anaenda mwenyewe.

Na jambo la leseni nilisahau. Stesheni ya treni ya Metropark Iselin ina paking kubwa sana, wiki nzima imejaa, Jumapili imebaki tupu. Shemeji ndo alimfundishia pale, baada ya kriketi, Jumapili baada ya Jumapili, na kwa kweli waligombana pale kuliko sehemu yoyote. Akashindwa mtihani mara ya kwanza. Akafaulu mara ya pili. Mwanzoni mwa 2025 kibali cha kazi kikatoka, sasa anafanya hesabu kwenye ofisi ya daktari wa meno, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikirudi shifti ya usiku lile dirisha halina mtu.

Nilifikiri akipata kazi wataacha kutoka, maana wote wamechoka sasa. Jumamosi ya kwanza baada ya yeye kuanza kazi waliamka saa mbili wakaenda Flushing, Queens, kwenye hekalu la Ganesha, pale chini kuna kantini ya dosa, zile chapati za mchele na dengu nyeusi zilizochachushwa, ndefu kama mkono. Yeye ndo alilipa. Akanitumia picha ya risiti.

#11

Mama mimi na mke wangu tupo Newark, watoto wawili, mimi wikiendi huwa naendesha teksi za mtandao. Nimesoma uzi wote nimemsomea na yeye. Hayo matembezi yenu ya karibuni ni lini, na tunaweza kuja?

#12

Njooni baba. Mimi na mzee wangu sasa tumeacha ovataimu ya Jumamosi moja katika kila mbili, mshahara umepungua na nyumba ya Tanga imesimama kwenye linta, itamalizika tu.

Wiki ya pili ya Aprili maua ya micheri yanafunguka Branch Brook, hapo hapo kwenu Newark, miti zaidi ya elfu tano, ni mingi kuliko Washington wanakojisifia, na kuingia ni bure. Fika saa mbili asubuhi kabla paking haijajaa, leteni mkeka na masweta ya watoto maana upepo wa Aprili bado una meno. Sisi tunatoka Edison saa moja, gari moja watu wanne, mzee wangu nyuma na mimi, shemeji mbele anashika simu ya ramani, mdogo wangu ndo anaendesha. Nikimuuliza alete thepla ngapi ataniuliza ninyi mko wangapi, kwa hiyo niandikie kama watoto wanakula pilipili.